Wiki ya Tano

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Sikukuu,
juu ya duka la mapazia,
Mwalimu Mchomvu alitupangia viti vinne
na sheria moja: msisemezane.
Kuuliza si ujinga, akasema,
ila usiku wa leo ni kosa.

Hyasinta akapewa duka,
Shamsa jumla, Kabwelwa usambazaji,
nami ninayeuza sabuni Mbagala mwaka wa tisa huu
nikapewa kiwanda.
Nilifurahi, nisiwe mwongo.
Angalau mara moja, mimi ndiye wa kusubiriwa.

Katoni zetu zilikuwa visoda.
Oda inapanda kwa kikaratasi kilichokunjwa,
mzigo unashuka polepole,
wiki mbili kutoka kiti hadi kiti,
kama lori lililolala mizani ya Vigwaza.
Wiki ya kwanza, nne. Ya pili, nne.
Ya nne nikapiga miayo,
nikahesabu panga boi linavyokwaruza dari.

Kisha Kabwelwa akanisogezea: kumi na mbili.
Halafu ishirini na tano.
Halafu hamsini, wino umechimba karatasi,
na usoni haniangalii.
Nikajua kabisa kilichotokea:
shule zimefunguliwa,
au kipindupindu kimeingia na watu wananawa.
Nikawasha mitambo yote.
Nikaweka zamu ya usiku, nikaajiri vijana wa Keko,
nikakopa benki,
yote haya kichwani, kalamu mkononi,
jasho likinitoka la kweli.

Mzigo ulipofika, ulifika wote.
Oda: sifuri.
Sifuri.
Sifuri, na safari hii Kabwelwa kaizungushia duara
kana kwamba mimi sioni.
Visoda vikafurika meza, vikamwagika sakafuni,
mlinzi akapanda ngazi kuuliza nani anavunja vyombo.

Nani katuponza? akauliza Mwalimu.
Vidole vitatu kwa Hyasinta.
Cha kwangu kilitangulia.
Duka limetudanganya, nikasema, maduka yote ndivyo yalivyo,
leo linalia njaa, kesho limeshiba.

Hyasinta hakujitetea.
Akafunua kadi za wateja, moja moja, mbele yetu:
nne, nne, nne, nne.
Wiki ya tano, nane.
Kisha nane, nane, nane, mpaka kadi ya mwisho.
Mteja alibadilika mara moja tu,
akatulia kama maji ya mtungini.

Mwalimu hakueleza mengi.
Akachora ubaoni mstari wa duka, kijitu kidogo,
wa jumla umejikunja mgongo,
wa usambazaji kilima,
na wa kwangu chaki ilimaliza ubao
ikaendelea kupanda ukutani.
Hakuifuta.

Mangi Temba wa Rangi Tatu.
Kabla ya Idd ya mwaka jana aliagiza sitini, nikampa thelathini,
akaagiza mia, nikampa hamsini,
akaagiza mia mbili, na mimi, kwa kuogopa aibu,
nikaagiza mia tatu.
Zilipofika akachukua kumi.
Nikamwita tapeli mbele ya mkewe.
Miezi kumi na moja napita kwake nimegeuza shingo,
na stoo yangu bado inanuka limau
hadi kwenye nguo za watoto.

Nilimsaidia Hyasinta kuzoa visoda, tukavirudisha kwenye kopo la siagi.
Pole, nikamwambia.
Akasema, ya nini, wewe ulikuwa mbali.

Chini, duka la mapazia limeshafungwa.
Nikasimama barazani pake nikatafuta namba
ambayo sikuwahi kuifuta.
Ikaita mara tatu.
Halo, akasema, sauti ya mtu anayemjua anayepiga.
Maneno yote niliyopanga kwenye ngazi yakanipotea,
nikauliza lile ambalo kwa miaka tisa
sijawahi kumuuliza mtu ninayemuuzia:

Mangi, wiki hii wateja wamenunua ngapi?

Kimya.
Umepiga usiku huu kuniuliza hilo?
Hilo tu.
Ngoja, akasema,
na nikasikia daftari likifunuliwa.